Nia Njema na Siku za Karibu: Ahadi za Maendeleo katika Mikataba ya Kiingereza na Kirusi, 1945–1996

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mfasiri wa nyaraka za kiserikali, ile inayodhaniwa kuwa nyepesi kuliko zote ni kufasiri ahadi ya jambo ambalo bado halijatokea. Jambo lililokwisha kutokea lina tarehe, lina mahali, na lina mashahidi. Mfasiri akikosea husahihishwa upesi. Ahadi ya maendeleo yanayoweza kupatikana haina shahidi ila maneno yenyewe. Kiingereza cha mabalozi kimejaa ahadi za namna hiyo: pande mbili zinatumaini kwamba hatua yaweza kupigwa, zinakusudia kuendesha mazungumzo, zitajitahidi kufikia mapatano mapema. Sentensi hizo zilipohamishiwa katika Kirusi, tangu mwisho wa Vita Kuu ya Pili hadi mwisho wa Vita Baridi, hazikuhamia nzima nzima. Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya mahali zilipopungua au zilipozidi, na hasa ibara moja ya mwaka 1968 iliyotiwa sahihi na nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwao.

Chanzo kinafaa kutafutwa San Francisco. Hati ya Umoja wa Mataifa ilitiwa sahihi huko tarehe 26 Juni 1945 kwa Kichina, Kifaransa, Kirusi, Kiingereza na Kihispania, na kifungu chake cha 111 kikaeleza kwamba maandiko yote matano yana nguvu sawa. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mfasiri akiisha kumaliza kazi yake na wakubwa wakatia sahihi, hakuna tena asili wala tafsiri. Yako maandiko kadha yaliyo ndugu wa tumbo moja, na kila moja lina haki ya kudai urithi wake. Kosa la mfasiri wa riwaya hubaki kuwa kosa. Kosa la mfasiri wa mkataba hugeuka sheria.

Katika Hati hiyo wafasiri wa Kirusi walifanya kazi safi. Kifungu cha pili kinawataka wanachama watimize wajibu wao "in good faith", nao wakaandika dobrosovestno. Neno hili limeundwa kwa sehemu mbili: dobro, yaani wema, na sovest', yaani dhamiri. Mtu atendaye dobrosovestno hutenda kama dhamiri yake ingekuwa hakimu aliyekaa pembeni mwake. Ni neno la fundi mwaminifu, la mlipaji deni, na la shahidi aliyeapishwa. Kadhalika neno "shall" la Kiingereza, ambalo humchosha kila mwanafunzi wa sheria, halikufasiriwa kwa wakati ujao. Kirusi kiliweka kitenzi katika wakati uliopo: wanachama "wanatimiza". Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba hiyo ni habari tu, lakini katika Kirusi cha sheria wakati uliopo ndio wenye amri.

Dibaji ya Hati ile ile inataja maendeleo ya jamii, na Kirusi kikatumia neno la mkopo, progress. Hapo pana utata wa pekee. Katika falsafa rasmi ya Muungano wa Kisovieti maendeleo ya jamii hayakuwa tumaini. Yalikuwa kanuni ya historia, kama maji yateremkavyo bondeni. Kusema kwamba maendeleo "huenda" yakapatikana ni kusema kwa lugha ya watu wasio na uhakika wa safari. Yamkini ndiyo sababu, mazungumzo na nchi za Magharibi yalipotajwa, Kirusi kilipenda pia maneno ya cheo cha chini: prodvizhenie, kusogea mbele, sdvig, kusukumika kidogo, na baadaye podvizhki, vijisogeo, kama vya mzigo ambao wapagazi wameuinua mara moja na kuutua tena.

Matangazo ya pamoja yaliyotolewa baada ya mikutano yalizoea pia kusema kwamba limepatikana "certain progress", na Kirusi kikajibu kwa opredelyonnyi progress. Maneno yote mawili, la Kiingereza na la Kirusi, yana nyuso mbili: huweza kumaanisha kitu kilicho dhahiri, na huweza kumaanisha kitu kidogo kisichotajika. Kiswahili kingelazimika kuchagua, ama maendeleo ya hakika, ama maendeleo fulani. Mabalozi walifurahi kwamba lugha zao hazikuwalazimisha.

Kabla ya kuingia katika ibara yenyewe, hapana budi kueleza jinsi lugha hizi mbili zinavyogawa uwezekano. Kiingereza kina ngazi ya vitenzi visaidizi, "can", "may", "could", "might", na balozi mzoefu hupanda na kushuka ngazi hiyo kama mtu anayeijua nyumba yake gizani. Kirusi hakina ngazi hiyo. Kina mozhet, "aweza". Kina vozmozhno, "yawezekana". Na kina kipande kidogo by, ambacho hufanya kazi inayokaribiana na ya -nge- yetu. "Could" na "might" zote mbili huishia mog by, na tofauti iliyokuwa baina yao hupotea njiani, isipokuwa mfasiri aongeze kielezi cha kuiokoa. Msemaji wa Kiswahili, mwenye huenda, yamkini, labda, pengine na asaa, ni tajiri kuliko Mrusi katika jambo hili.

Umaskini huo Kirusi hulipa kwa utajiri mwingine. Takriban kila kitenzi chake huja kwa sura mbili: moja ya tendo linaloendelea, nyingine ya tendo lililofika mwisho wake. Reshat' ni kushughulika na tatizo, reshit' ni kulitatua. Dogovarivat'sya ni kukaa kikao na kusemezana, dogovorit'sya ni kukubaliana. Mrusi husema kwa kitenzi kimoja chenye sura mbili kwamba watu walipatana siku tatu na hawakupatana, na hakuna anayecheka. Katika Kiingereza hali ya tendo huachwa mara nyingi kwa muktadha. Katika Kirusi mfasiri hawezi kuandika kitenzi bila kuamua kama tendo linaahidiwa mwendo wake au mwisho wake. Kiingereza kinaponyamaza, yeye husemeshwa kwa nguvu.

Hali hii iliwakuta watu waliofunzwa vizuri. Mwaka 1962 yalianzishwa huko Moscow, katika chuo cha lugha za kigeni, mafunzo maalumu ya wafasiri na wakalimani wa Umoja wa Mataifa, na wahitimu wake walikwenda New York na Geneva. Nyuma yao palikuwa na nadharia iliyokomaa. Andrei Fedorov alichapisha utangulizi wa nadharia ya tafsiri mwaka 1953. Yakov Retsker, tangu makala yake ya mwaka 1950 hadi kitabu chake cha mwaka 1974, alifundisha kwamba baadhi ya maneno yana kilinganisho kimoja thabiti kisichobadilika kwa muktadha, na ya kwanza katika hayo ni istilahi. Leonid Barkhudarov akafuata mwaka 1975. Kwa kipimo cha Retsker mwenyewe, "in good faith" ilikuwa istilahi iliyokwisha kupewa kilinganisho chake tangu 1945. Yafaa jambo hilo lishikwe, kwa kuwa mwaka 1968 mambo yalikwenda vingine.

Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyukilia ulijadiliwa Geneva katika Kamati ya Mataifa Kumi na Manane, ambamo Afrika iliwakilishwa na Ethiopia, Nigeria na Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, yaani Misri. Wenyeviti wenza walikuwa Marekani na Muungano wa Kisovieti. Tarehe 24 Agosti 1967 dola hizo mbili zilileta rasimu mbili zinazofanana, moja ya kila upande, na katika rasimu hizo hamkuwa na kifungu hata kimoja cha kuwafunga wenye silaha wazipunguze. Nchi zisizofungamana na upande wowote zililalamika. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: asiye na bunduki anatakiwa aape kwamba hatanunua, na mwenye bunduki haulizwi atazifanya nini zake. Mexico ilipendekeza kifungu mwezi Septemba 1967. Wenyeviti walikubali jambo lenyewe katika rasimu ya Januari 1968. Uswidi ikataka litajwe suala la wakati. Na katika rasimu ya mwezi Machi kifungu cha sita kikapata sura yake.

Kwa Kiswahili chaweza kuelezwa hivi: kila mshirika anajifunga kuendesha mazungumzo, kwa nia njema, juu ya hatua zifaazo za kukomesha mashindano ya silaha za nyukilia siku za karibu na za kuondoa silaha za nyukilia, na juu ya mkataba wa kuondoa silaha zote kabisa chini ya uangalizi mkali wa kimataifa. Mkataba ulifunguliwa kwa sahihi tarehe 1 Julai 1968 London, Moscow na Washington, ukaanza kutumika tarehe 5 Machi 1970. Kenya ilitia sahihi mwaka 1968 na kuuridhia mwaka 1970. Maandiko ya Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina yana nguvu sawa.

Sasa yatazamwe maneno. Kwanza, "in good faith". Kifaransa kiliandika "de bonne foi", Kihispania "de buena fe", na zote tatu zinatoka katika Kilatini cha wanasheria wa Kirumi. Istilahi hii haielezi moyo wa mtu. Inaeleza mwenendo wake, na mwenendo hupimika. Mahakama ya Kimataifa, katika hukumu ya tarehe 20 Februari 1969 juu ya mipaka ya Bahari ya Kaskazini, ilieleza kwamba wenye wajibu wa kujadiliana hawatimizi wajibu huo kwa kufuata desturi ya vikao tu; wanapaswa kujadiliana kwa lengo la kupatana, wala upande mmoja usikae kitako juu ya msimamo wake bila kufikiri kuubadili. Huo ndio uzito wa maneno matatu ya Kiingereza.

Andiko la Kirusi halikutumia dobrosovestno. Liliandika v dukhe dobroy voli, yaani "katika roho ya nia njema", au tuseme ya hiari njema. Maneno haya hayakuzaliwa mahakamani. Yalizaliwa katika magazeti na mikutano ya hadhara. "Watu wa nia njema" walikuwa wakiitwa kila siku katika harakati za amani zilizoungwa mkono na Moscow. Na "roho" ya mahali fulani ilikuwa desturi ya uandishi tangu mkutano wa wakuu wa mwaka 1955, iliposemwa habari ya roho ya Geneva, kisha mwaka 1959 roho ya Camp David. Roho hizo zilikuja na zikapita. Afanyaye kazi dobrosovestno anaweza kushitakiwa kwa kutofanya hivyo. Aliyekuja na roho ya nia njema anaweza kusema kwamba alikuja nayo, na ni nani atakayempekua?

Mtu anaweza kujibu kwamba hiyo ni tofauti ya mapambo tu. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwaka mmoja baadaye, Mei 1969, Mkataba wa Vienna juu ya Sheria ya Mikataba ulikamilishwa, na katika kifungu cha 26 na cha 31 Kirusi kilirudi dobrosovestno. Kwa hiyo neno lilikuwako kabla, na lilikuwako baada. Ni katika ahadi ya wenye silaha kwa wasio na silaha ndipo lilipokaa nje. Hata hivyo haifai kukimbilia kusema kwamba palikuwa na hila. Andiko la Kirusi lilipitiwa na Wamarekani pia, nao wakalikubali. Na kama Moscow ingelipata faida ya wepesi wa neno hilo, Washington ingelipata faida hiyo hiyo. La kuaminika zaidi ni kwamba waandishi walikuwa watu wa siasa kuliko wa sheria, na kwa masikio yao kifungu cha sita kilikuwa tamko la hali ya hewa njema, si deni. Neno walilochagua linaonyesha walivyokisikia.

Haja ya kutazama inafuata juu ya kitenzi. Kiingereza kinasema "to pursue negotiations", na "pursue" hubeba ndani yake kufuatia, kama mwindaji afuatavyo nyayo. Kirusi kinasema vesti peregovory. Vesti ni kuongoza, kumshika mtu mkono na kwenda naye njiani. Na ni kitenzi cha tendo linaloendelea. Kingeweza kuandikwa provesti, au dovesti do kontsa, kufikisha mwisho, nacho kingekuwa kizito kuliko Kiingereza. Mfasiri mwadilifu hakuwa na ruhusa ya kuongeza uzito huo. Lakini tazama alipoishia: kwa kuwa Kirusi lazima kichague, kilichagua mwendo. Kiingereza kilinyamaza juu ya kufika. Kirusi kilisema, kwa umbo la kitenzi chake, kwamba kinachoahidiwa ni kutembea.

Linganisha na kifungu cha pili, kinachowafunga wasio na silaha. Hapo Kirusi kinasema obyazuetsya ne prinimat', "anajifunga kutopokea". Ahadi ya kutofanya jambo haina mwendo wala mwisho, ni ukuta. Lugha zote tano zinaijenga kwa matofali yale yale. Kwa hiyo ahadi ya Nairobi na ya Addis Ababa ilikuwa wazi kwa kila msomaji, na ahadi ya Moscow, Washington na London ilikuwa na ukungu, mzito zaidi katika lugha moja kuliko katika nyingine.

"At an early date" ikawa v blizhayshem budushchem, "katika siku za usoni zilizo karibu". Kila aliyewahi kungoja fundi aliyesema atakuja karibuni anajua thamani ya maneno hayo. Hata hivyo kwa upande huu Kirusi hakikupunguza kitu. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimekwisha kupunguza. La kustaajabisha ni mahali pa maneno hayo katika sentensi. Wakati umefungwa na kukomesha mashindano, haukufungwa na kuondoa silaha. Kiingereza kinaonyesha mgawanyo huo kwa kurudia kihusishi kidogo "to" kabla ya "nuclear disarmament". Kirusi hakikuhitaji kurudia chochote, kwa sababu nomino mbili, prekrashcheniyu na razoruzheniyu, zina mwisho mmoja wa uhusika, na mwisho huo unatangaza kwamba zote mbili zinashikwa na neno "hatua". Kiswahili hufanya kazi hiyo hiyo kwa upatanisho: hatua za kukomesha, na za kuondoa. Njia tatu tofauti za sarufi, na zote tatu zinamwachia mwenye silaha muda usiotajwa.

Pana tena neno "control", ambalo katika Kiingereza ni kushika hatamu, na katika Kirusi kontrol' ni kukagua tu, kama mkaguzi wa tikiti garini. Mabishano ya miaka mingi juu ya kupunguza silaha yalichochewa na tofauti hiyo, na Warusi walikuwa na sababu ya kuishuku "control" ya Kiingereza kuliko walivyoishuku kontrol' yao.

Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi vesti inavyotendeka. Mazungumzo juu ya silaha za masafa marefu yalianza Helsinki mwezi Novemba 1969, na yakaendeshwa kweli kweli, kikao baada ya kikao. Silaha zenyewe ziliongezeka. Kwa makadirio ya wataalamu idadi ya vichwa vya nyukilia duniani ilifika yapata 70,000 katikati ya miaka ya 1980, zaidi sana ya ile ya mwaka mkataba ulipotiwa sahihi.

Tunda moja la mazungumzo hayo lina funzo lake la lugha. Tarehe 26 Mei 1972 ulitiwa sahihi Moscow mkataba wa kuzuia mitambo ya kujikinga na makombora, kwa Kiingereza na Kirusi, maandiko mawili yenye nguvu sawa. Kifungu cha tano kinakataza "to develop, test, or deploy" mitambo ya baharini, angani, ya anga za juu, au ya nchi kavu inayohamishika. Neno "develop" ndilo hilo hilo ambalo nchi zetu huitwa kwalo nchi zinazoendelea, na Kirusi kina vilinganisho vyake mbalimbali: razvivat' kwa nchi na uchumi, razrabatyvat' kwa kubuni na kuchora mitambo, sozdavat' kwa kuumba kitu kikasimama. Mkataba ulichukua la tatu. Kwa msomaji wa Kirusi basi, mwanasayansi mwenye michoro na majaribio ya maabara bado hajavunja ahadi, kwa sababu hajaumba. Mjumbe mkuu wa Marekani, Gerard Smith, aliwaeleza maseneta mwaka huo huo jambo lililokaribiana: katazo huanza pale mtambo unapotoka maabara na kujaribiwa nje, ambapo unaweza kuonekana. Hapa Kirusi kilikuwa bayana kuliko Kiingereza, nacho kilikisaidia.

Mwezi Oktoba 1985 serikali ya Ronald Reagan, iliyotaka kinga ya anga za juu, ilitangaza kwamba mkataba wafaa kusomwa kwa upana. Hoja iliegemea hasa maneno ya kifungu cha pili, yasemayo kwamba mtambo wa kinga ni ule "currently consisting of" makombora, vyombo vya kurushia na rada. Je, "currently" inafungia mkataba ndani ya ufundi wa mwaka 1972, au inatoa mfano tu wa hali ya siku ile? Kirusi kinasema sostoyashchaya v nastoyashchee vremya iz, "unaoundwa kwa wakati huu na", na ubishi ukaweza kuendelea katika lugha hiyo vile vile, kwa kuwa mfasiri alikuwa mwaminifu hata kwa utata. Seneta Sam Nunn alichunguza kumbukumbu mwaka 1987 na kuukataa usomaji ule mpana. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 1986, viongozi wa dola mbili walikuwa wameachana Reykjavik bila mapatano, na neno lililowatenga lilikuwa "maabara". Marekani ilijitoa katika mkataba huo mwaka 2002.

Mfano wa Helsinki wastahili kutajwa, kwa sababu ni mahali ambapo neno la uwezekano lilizaa kitu. Tarehe 1 Agosti 1975 mataifa 35 yalitia sahihi Hati ya Mwisho kwa lugha sita. Muungano wa Kisovieti ulitaka mipaka ya Ulaya itangazwe kuwa haivunjiki. Ujerumani ya Magharibi, yenye kungoja siku ya kuungana na ndugu zake wa mashariki, ilidai sentensi moja iseme kwamba mipaka yaweza kubadilishwa kwa amani na kwa mapatano. Walibishana mahali pa sentensi, na walibishana hata mkato uwekwe wapi. Kiingereza kikasema "can be changed". Kirusi kikasema mogut izmenyat'sya, na kiambishi -sya kina ukarimu wa ajabu: chaweza kusomwa "kubadilishwa", na chaweza kusomwa "kubadilika". Balozi wa Moscow aliweza kuisoma sentensi hiyo kama ukweli wa jumla, kwamba vitu vyote hubadilika. Mwenzake wa Bonn aliisoma kama mlango. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili ziliungana, kwa amani na kwa mapatano.

Kifungu cha sita cha mwaka 1968 hakikupata siku kama hiyo. Mkataba wa Vienna, katika kifungu cha 33, unafundisha kwamba maneno ya maandiko yenye nguvu sawa hudhaniwa kuwa na maana moja, na kwamba tofauti isiyoondoka isuluhishwe kwa maana inayoyapatanisha yote. Kwa kanuni hiyo v dukhe dobroy voli yapasa isomwe kama ndugu zake wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na hapo deni linarudi kuwa deni. Hivyo ndivyo ilivyofaa kusomwa tangu mwanzo. Kiswahili nacho kina mzigo wake hapa: "kwa nia njema" kwetu ni ya moyo na ni ya sheria pamoja, na mfasiri wa mkataba anayeandika maneno hayo bila kueleza lipi analokusudia anasimama pale pale aliposimama mwenzake wa Kirusi mwaka 1968. "Kwa uaminifu" lingemtosha zaidi, ingawa halisikiki tamu.

Mkataba uliongezewa muda usio na kikomo tarehe 11 Mei 1995. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Julai 1996, Mahakama ya Kimataifa, katika maoni yake juu ya silaha za nyukilia, ilisema kwa kauli moja kwamba uko wajibu wa kuendesha kwa nia njema mazungumzo ya kuondoa silaha hizo, na wa kuyafikisha mwisho. Jaji wa Urusi, Vladlen Vereshchetin, alikuwa miongoni mwa waliokubali. Visiwa vya Marshall vilipojaribu kuwadai wenye silaha kwa maneno hayo, Mahakama ilijibu tarehe 5 Oktoba 2016 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Mahakama hiyo hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa tu. Kauli yake ya 1996 inapofasiriwa kwa Kirusi, mfasiri hukutana na vitenzi viwili mahali ambapo mwaka 1968 kilikuwapo kimoja, na cha pili hakiwezi kuandikwa kwa sura ya tendo linaloendelea.